Viza Ikichelewa, Tufanye Nini?

Ndugu msomaji, siku hizi sio ajabu kumkuta mzazi wa Iramba, Ikungi au Manyoni ambaye mtoto wake anaishi Ulaya. Wengine walikwenda kusoma. Wengine wameoa au wameolewa huko. Sasa mjukuu amezaliwa, na mtoto anapiga simu: "Mama, njoo umwone mjukuu wako."

Mama anafurahi. Kijiji kizima kinapata habari. Alizeti inauzwa, ng'ombe mmoja anauzwa, begi linanunuliwa. Maombi ya viza yanapelekwa Dar es Salaam. Halafu kimya. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, mwezi unakwisha. Majirani wanaanza kuuliza: "Vipi mama, hujaondoka tu?"

Hapo ndipo watu wengi wanapopata hasara. Tiketi iliyolipiwa inapotea. Mwenye haraka anamtafuta mtu wa "kusukuma faili", na fedha iliyobaki inakwenda. Wakati mwingine viza yenyewe ilikuwa njiani. Basi leo tueleze mambo haya: viza inachukua siku ngapi, kwa nini inachelewa, na wewe ufanye nini wakati unangoja.

PASIPOTI NA VIZA NI VITU VIWILI

Watu wengine wanachanganya pasipoti na viza. Pasipoti inatolewa na Serikali yetu kupitia Idara ya Uhamiaji. Inaonyesha kwamba wewe ni Mtanzania. Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa nchini mwaka 2018. Mwombaji huanzia katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wake, kwa hiyo mtu wa Singida anaanzia Singida mjini. Huna sababu ya kwenda mbali.

Viza ni ruhusa ya nchi unayokwenda. Ni sawa na kupiga hodi. Mwenye nyumba ndiye anayesema "karibu", au "ngoja kidogo", au "hapana". Serikali yetu haiwezi kumlazimisha. Kwa hiyo viza ya Ujerumani unaiomba kwa Wajerumani, na viza ya Uingereza unaiomba kwa Waingereza. Makao makuu yetu ni Dodoma, lakini balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. Kutoka Singida mjini ni safari ya karibu kilometa 700. Tangu mwaka 2024 unaweza kwenda Dodoma kwa basi, kisha ukapanda treni ya umeme mpaka Dar es Salaam. Hata hivyo nauli ni nauli. Anayekwenda mara tatu kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika, ametupa fedha.

SIKU ZINAHESABIWAJE?

Tuchukue Ujerumani kuwa mfano wetu. Ujerumani iko katika kundi la nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi. Kundi hilo linaitwa Schengen. Schengen ni jina la kijiji kidogo cha nchi ya Luxembourg, ambako mapatano ya kwanza yalitiwa saini mwaka 1985. Viza hiyo inamruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Ukinyimwa viza, ada hairudishwi.

Sheria ya nchi hizo inasema kwamba jibu litolewe katika siku 15. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba, kama maombi yanahitaji kuchunguzwa zaidi, siku zinaweza kuongezwa mpaka 45. Shika namba hizo mbili: 15 na 45. Aliyeambiwa siku 15 tu, siku ya 20 anaona kwamba ameonewa. Anayejua habari ya 45 anatulia.

Jambo la pili: siku hizo hazianzi siku uliyojaza fomu. Zinaanza siku maombi yako yalipopokelewa na kukubaliwa kwamba yametimia. Kabla ya hapo kuna kungoja miadi, yaani siku uliyopangiwa kufika na karatasi zako na kuchukuliwa alama za vidole. Kungoja miadi nako kunaweza kuchukua majuma kadhaa.

Tufanye hesabu. Tuseme mama wa Ikungi amepokelewa maombi yake tarehe 1 Julai. Siku 15 zinaishia tarehe 16 Julai. Siku 45 zinaishia tarehe 15 Agosti. Je, apange kusafiri lini? Akipanga tarehe 20 Julai, amejibana mwenyewe. Akipanga tarehe 25 Agosti, ana nafasi. Akikaa siku 60, atarudi tarehe 24 Oktoba. Hapo mvua za Singida bado hazijaanza, na shamba la alizeti atalikuta linamngoja. Mvua haingojei viza ya mtu. Kwa mkulima hesabu hii ni kubwa kuliko hesabu ya tiketi.

Sheria inaruhusu kupeleka maombi hata miezi 6 kabla ya safari. Kwa hiyo anayetaka kusafiri Agosti anaweza kuanza mapema sana.

KWA NINI INACHELEWA?

Sababu ni nyingi. Hizi ndizo zinazoonekana mara kwa mara:

1. Msimu. Katikati ya mwaka na kuelekea Krismasi watu wengi wanasafiri. Maombi yanarundikana.

2. Majina hayafanani. Kitambulisho cha Taifa kinasema hivi, cheti cha kuzaliwa kinasema vile, na barua ya mtoto inasema jina la tatu. Wewe unajua kwamba wote ni mtu mmoja. Anayesoma karatasi hajui.

3. Karatasi haikutimia. Mwenyeji wako Ujerumani anatakiwa kuonyesha nani atalipia gharama zako. Mara nyingi anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kutia saini hati ya dhamana. Vilevile inatakiwa bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Na pasipoti iwe bado hai kwa miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko.

4. Wana shaka kama utarudi. Mfanyakazi wa ofisi huonyesha barua ya mwajiri na hati ya mshahara. Mkulima hana hivyo. Lakini mkulima ana shamba, ana mifugo, ana familia, ana chama cha ushirika. Hayo yote ni sababu za kurudi, ila lazima yaandikwe. Barua ya mtendaji wa kijiji, hati ya ardhi ya kimila kama unayo, na stakabadhi za mauzo ya mazao zinaweza kukusaidia.

5. Uamuzi unafanyika mbali. Sio kila nchi inaamua hapahapa. Kwa miaka mingi maombi ya viza ya Uingereza yaliyopokelewa Dar es Salaam yaliamuliwa Pretoria, Afrika Kusini.

6. Sheria imebadilika. Desemba 2025 Marekani ilitangaza kusimamisha viza za matembezi kwa Watanzania, isipokuwa kwa makundi fulani, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kusimamishwa kwa namna hiyo ni tofauti na kuchelewa, maana hata ukingoja kwa subira jibu haliji. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote, ulizia kwanza hali ilivyo siku hiyo.

UKIWA UNANGOJA

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, tumia daftari. Andika tarehe ya miadi, tarehe ya kupokelewa maombi, namba ya maombi na fedha uliyolipa. Hifadhi risiti zote ndani ya bahasha moja. Toa nakala ya kila karatasi kabla ya kuipeleka, maana ukiulizwa baadaye usibaki kukisia.

Simu iwe na chaji, na namba uliyoandika kwenye fomu iwe inapatikana. Kama kijijini kwenu mtandao unasumbua, andika pia namba ya ndugu wa mjini unayemwamini. Wakiomba karatasi nyingine nawe hupatikani, faili linakaa. Kama uliandika anwani ya barua pepe ya kijana wako, mwambie aifungue kila siku.

Zikipita siku 15, unaweza kuulizia. Tumia njia iliyoandikwa kwenye risiti. Barua iwe fupi: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya maombi, tarehe ya kupokelewa, na swali moja tu: "Je, kuna karatasi inayotakiwa kwangu?" Hiyo inatosha. Kupiga simu kila asubuhi hakusogezi faili. Na usipeleke maombi mapya juu ya yale ya kwanza.

Kama jambo ni la haraka kweli, kwa mfano mtoto yuko hospitali au kuna msiba, sema hivyo na upeleke ushahidi wa maandishi, kama barua ya daktari. Wanaweza kukufikiria. Lakini usitunge msiba.

Kumbuka pia kwamba pasipoti yako mara nyingi inabaki kwao. Kama una safari nyingine wakati huo, waulize kwanza utaratibu wa kuirudisha.

USIFUNGE FEDHA KABLA YA VIZA

Hili ndilo neno kubwa la leo. Usilipie tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza haijatoka. Mara nyingi inatosha kuonyesha karatasi ya kuwekewa nafasi ya ndege. Uliza kwanza kama wanakubali karatasi hiyo. Ukilazimika kununua, uliza: "Tarehe ikibadilika, nitakatwa kiasi gani?" Jibu lake liandikwe.

Ng'ombe naye asiuzwe wote siku moja. Uza kwa ajili ya gharama ya leo: pasipoti, ada, bima, nauli ya Dar es Salaam. Gharama ya kesho ingoje kesho. Safari ikivunjika, utabaki na zizi lako.

Je, tarehe ya safari ikipita na viza bado? Usikate tamaa, wala usinyamaze. Mwambie mwenyeji wako. Waandikieni waliopokea maombi kutaja tarehe mpya. Angalia bima, maana ilikatwa kwa tarehe za zamani na inabidi ibadilishwe. Angalia hati ya dhamana kama bado inakubaliwa. Viza ikitoka, isome kabla ya kufurahi: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, na siku unazoruhusiwa kukaa. Kama kuna kosa, sema mapema kabla hujapanda ndege.

JIHADHARI NA VISHOKA

Kuchelewa kwa viza ni neema kwa matapeli. Kishoka anakuja na maneno matamu: "Mimi nina mtu wangu ndani. Toa kidogo, Ijumaa viza iko mkononi." Muulize akupe risiti, utamwona anavyogeuka. Anayeamua humjui, na kishoka naye hamjui.

Wengine wanakuuzia karatasi za benki za uongo au barua ya kazi ambayo hukuwahi kuifanya. Hiyo ni hatari zaidi ya kunyimwa. Uingereza, kwa mfano, inaweza kumfungia mdanganyifu asipate viza kwa miaka 10. Afadhali ukweli wa jembe kuliko uongo wa ofisi.

UKINYIMWA

Kuchelewa sio kunyimwa. Lakini ikitokea umenyimwa, utapewa karatasi yenye sababu. Usiitupe kwa hasira. Mpe mtu anayejua lugha hiyo akusomee neno kwa neno. Kama wamesema hawakuona ushahidi kwamba utarudi, tafuta ushahidi huo kwanza, ndipo uombe tena. Ukirudia maombi yaleyale kwa karatasi zilezile, utalipa tena kupata jibu lilelile.

Ndugu msomaji, mjukuu hatakimbia. Atakayechelewa kubebwa mwezi mmoja atabebwa mwezi wa pili. Lakini ng'ombe aliyeuzwa kwa haraka harudi, na fedha aliyokula kishoka hairudi. Anza mapema, andika kila kitu, na fedha yako ibaki mfukoni mpaka viza itoke.

MASWALI YA KUJADILI

1. Pasipoti na viza zinatofautianaje?
2. Maombi yamepokelewa tarehe 10 Mei. Siku 15 zinaishia lini? Siku 45 zinaishia lini?
3. Angalia kitambulisho chako na cheti chako cha kuzaliwa. Je, majina yanafanana herufi kwa herufi?
4. Mkulima wa kijiji chenu anaweza kuonyesha karatasi gani kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani?