Bata wa Vitabuni na Bata wa Nyumbani

Katika vitabu vingi vya kufundishia lugha neno "bata" huandamana na picha ya ndege mweupe mwenye mdomo wa manjano. Mwanafunzi wetu wa Kampala akichungulia nyuma ya nyumba yao, mara nyingi humwona mwingine kabisa: uso una vinyama vyekundu, kucha ni kali, akipata nafasi hulala juu ya ukuta, na dume halii "kwa-kwa" bali hutoa pumzi kama nyoka aliyeudhiwa. Kwa Kiganda huyu pia ni embaata.

Wote wawili ni mabata, ila si wa jamii moja. Yule wa vitabuni ametokana na bata mwitu wa Asia na Ulaya. Huyu mwenye vinyama, ambaye wataalamu humwita Cairina moschata, asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mayai yake huatamiwa kwa siku 35 hivi, ya mwenzake 28. Wakipandana, watoto wao huwa tasa kama nyumbu. Dume la Cairina huweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya jike. Dume la jamii ile nyingine hutambulikana zaidi kwa manyoya machache yaliyojikunja mkiani.

Hata ndani ya jamii moja hakuna sura moja. Wapo weusi, weupe, wa rangi ya majivu, wa kahawia na wenye mabaka. Kwa kuwa wafugaji wengi huwaacha wapandane wapendavyo, kiota kimoja huweza kutoa vifaranga wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo tunaposema "bata wa kienyeji" hatutaji mbegu yenye umbo maalumu.

Kwetu sisi walimu hapa pana hazina ya upatanisho wa kisarufi. Tazama: "Bata huyu mweusi ana mabaka meupe, vinyama vyekundu, miguu myeusi na kucha ndefu." Sentensi moja, ngeli tano! Mwanafunzi anayezungumza Kiganda hupenda kusema "bata hii", kwa sababu kwao husemwa embaata eno. Kosa hilo halitoki kwenye uzembe, linatoka kwenye lugha mama, na ni vema limfafanuliwe hivyo.

Majina nayo yana vituko. Waswahili wamemweka bata mzinga na bata bukini (Bukini ni jina la zamani la Madagaska) katika ukoo wa bata. Waganda humwita bata mzinga ssekkokko, jina linalokaribiana na enkoko, yaani kuku. Kwa upande wa elimu ya viumbe Waganda wamelenga shabaha, maana bata mzinga ni ndugu wa kuku.

Tunapendekeza zoezi la insha fupi: kila mwanafunzi amweleze bata wa mtaani kwao bila kufungua kitabu. Na yule atakayeandika kwamba bata ana uso mwekundu na hupenda kulala juu ya ukuta, asikatwe alama.