Kidole Kisishindane na Bunduki

Hapa Ohio nina Ruger 10/22, bunduki ya risasi ndogo za .22 iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Kifyatulio chake cha kiwandani kilikuwa kizito: nikivuta, mtutu unayumba, tundu linatokea kando ya shabaha. Nikanunua BX-Trigger, kifyatulio cha kampuni ya Ruger yenyewe, kinachovutwa kwa ratili 2.5 hadi 3, kama kilo moja na robo. Nilihakikisha chemba ni tupu, nikavua kitako cha mbao, nikasukuma pini mbili. Cha zamani kikatoka kizima, kipya kikaingia. Vyepesi zaidi vipo, lakini mimi huwinda kindi vidole vikiwa na ganzi ya baridi. Vifyatulio hivyo sivitaki, maana kidole chenye ganzi kinaweza kuvivuta bila kukusudia. Ukishafunga chako, kagua kizuizi cha usalama kabla hujatia risasi.