Wasiokufa Huishi na Nani?

Riwaya za watu wasiokufa hupimwa mno kwa hesabu ya miaka, na kipimo hicho kinapotosha. Ayesha wa H. Rider Haggard, katika riwaya ya She (1887), ameishi zaidi ya miaka 2,000 ndani kabisa ya bara la Afrika. Ni umri mkubwa, ila ukiuweka kando ya miamba ya Galula, hapa Songwe, iliyotunza mifupa ya dinosaria Shingopana kwa makumi ya mamilioni ya miaka, unakuwa si kitu. Mhusika wa namna hii hupata uzito kwa watu anaofungamana nao, na kwa gharama wanayoilipa ili yeye adumu. Ayesha anamngoja mpenzi aliyemuua yeye mwenyewe kwa wivu, huku akiwatawala watu kwa hofu. Vizazi vinapita mbele yake asijifunze huruma.

Octavia Butler alilichimba jambo hili kwa kina zaidi katika Wild Seed (1980). Doro, mzaliwa wa Nubia mwenye maelfu ya miaka, huishi kwa kuhamia miili ya wengine, na kila kuhama kwake ni mauaji. Anyanwu, mganga wa Kiigbo mwenye umri wa karne tatu hivi, hujiponya mwenyewe, huzaa, hulea, na huwazika wanawe. Hakuna silaha inayomtisha Doro. Kinachomvunja ni uamuzi wa Anyanwu kufa, maana hatabaki na mwenzi yeyote wa kudumu naye. Ndipo anapokubali kupunguza ukatili wake. Kwangu mimi, hapo ndipo kilele cha fasihi hii yote.

Atakayepinga atasema huku ni kusoma kwa macho ya Kiafrika, ya watu wanaotanguliza ukoo. Mbona basi Andrew, roboti wa Isaac Asimov katika The Bicentennial Man (1976), baada ya kuhudumia vizazi vya familia moja, anachagua kufa ili akubaliwe kuwa binadamu?

Pingamizi zito zaidi linahusu fasihi yetu. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, babu anarudi kutoka kwa wafu kumkabili mjukuu wake, K, kigogo aliyelewa madaraka. Hamna maabara wala chombo cha anga humo, hivyo wengine wataitenga na bunilizi za kisayansi kama hizi. Lakini Butler naye hatumii mashine yoyote kueleza jinsi Doro anavyohama. Tofauti iliyo muhimu ni kwamba Doro hurefusha maisha yake kwa kutwaa uhai wa wengine, ilhali babu huyu harudi kujiongezea siku. Anarudi kumdai mjukuu hesabu ya alivyowatendea wenzake.