Kifaru Kinachopanda Ndege

Wenzangu wengi hudhani kuwa kifaru kizito ndicho bora. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka babu yangu, aliyekwenda vitani Uganda mwaka 1979, aliponiuliza kingepitaje katika kinamasi cha Lukaya. Tangu siku ile nimesoma habari za Scorpion, kifaru cha upelelezi kilichoundwa Uingereza, ambacho Tanzania nayo ilikinunua.

Kina uzito wa tani 8 tu, maana mabamba yake ni ya alumini. Ndege moja ya Hercules huchukua viwili. Minyororo yake huutandaza uzito huo, hata ardhi hukandamizwa kidogo kuliko inavyokandamizwa na mguu wa mtu. Yaani katika tope la ufukwe wetu wa Ziwa, nizamapo mimi hadi vifundoni, chenyewe hupita. Mwaka 1982, visiwani Falkland, kilipita kwenye matope mengi.

Lakini wepesi huo ndio udhaifu wake. Mabamba huzuia risasi za bunduki, si za mizinga. Injini yake ya awali hutumia petroli, nayo huwaka upesi. Baya zaidi, kwa maoni yangu, mzinga wake wa milimita 76 ukipigwa, moshi wenye sumu hurudi ndani walimo askari watatu. Moshi huo ulichangia Waingereza kukiacha katika miaka ya 1990.

Nikimaliza mtihani nataka kuomba kuingia jeshini. Likizo iliyopita nilimsomea babu haya yote. Akauliza, "Sasa mjukuu wangu, ukifungua kifuniko upate hewa, risasi zitaingilia wapi?"

Bado sijamjibu.