MJAMZITO AKINYWA BOHA, NANI ANALEWA?



Leo sina stori ya siasa wala ya mpira. Leo naongelea watoto wachanga, na najua kuna washkaji watasema hiyo ni mada ya kina mama. Ngojeni kwanza, maana na sisi vijana wa kiume tumo humu, tena sana tu.

Nyumbani kwetu ni huku milimani Usambara, juu ya Soni ukiwa unaelekea Lushoto mjini. Dada yangu alipopata mimba ya kwanza, mimi ndiye nilikuwa mtu wa kutumwa. Jioni akitoka shambani kwenye karoti ananiita, "Mdogo wangu, hebu kanichukulie boha kidogo." Nachukua kidumu, nashuka kilabuni. Kwa wasiojua, boha ni pombe yetu ya miwa. Hakuna aliyeona ubaya. Bibi mmoja jirani alikuwa anasema boha inaongeza damu, mtoto atatoka na nguvu. Shemeji naye sigara anavutia mle mle ndani, maana mwezi wa saba huku baridi si mchezo, mlango umefungwa na kuni zinawaka.

Mtoto akaja kabla ya muda wake. Kilo 1.8. Njiti. Majirani wakaanza: karogwa, mama yake alibeba mizigo, mara hivi mara vile. Nesi yeye akauliza kwa upole tu, "Dada, ulikuwa unakunywa? Nyumbani kuna anayevuta?" Dada akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba shuleni nilishachora mchoro wa kondo la nyuma kwenye somo la baiolojia na nikapata alama zote. Ila sikuwahi kuunganisha ule mchoro na kile kidumu. Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

KINACHOINGIA KWA MAMA KINAFIKAJE KWA MTOTO?

Mtoto akiwa tumboni hali kwa mdomo wala hapumui kwa mapafu yake. Kila kitu anapata kupitia kondo la nyuma, lile nyama linalotoka baada ya kujifungua, na mrija wa kitovu. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki, zinapita jirani jirani na kupeana vitu: hewa safi na chakula vinakwenda kwa mtoto, uchafu unarudi kwa mama.

Watu wengi wanadhani kondo ni kama chujio, linazuia vibaya na kupitisha vizuri. Si kweli. Pombe inapita. Nikotini ya tumbaku inapita. Sumu ya moshi nayo inapita.

POMBE

Mama akinywa, baada ya muda mfupi kiwango cha pombe kwenye damu ya mtoto kinakaribia kile cha mama. Tofauti ni kwamba mama ana ini la mtu mzima la kuivunja. Ini la mtoto bado changa, kwa hiyo anakaa na hiyo pombe akisubiri mwili wa mama uiondoe. Na ubongo wake unajengwa miezi yote 9, sio ile ya mwanzo peke yake.

Mwaka 1968 daktari Mfaransa, Paul Lemoine wa Nantes, aliandika kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi aliowaona wana matatizo yanayofanana. Mwaka 1973 huko Seattle, Marekani, madaktari Kenneth Jones na David Smith wakaeleza habari za watoto 8 ambao mama zao walikuwa walevi: wadogo kwa umbo, macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, ukuaji wa taratibu. Baadaye ikajulikana kuna wengi zaidi ambao sura zao ni za kawaida kabisa ila ubongo umeumia. Huyu ndiye yule mtoto anayesahau alichofundishwa jana, hatulii darasani, anachapwa kila siku na kuitwa mtukutu. Dawa ya kuurudisha ubongo ule haipo. Anaweza kusaidiwa kwa malezi na mafunzo, basi.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Afrika Kusini, kule Western Cape kwenye mashamba ya zabibu, kwa miaka mingi vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Utaratibu ule ulishapigwa marufuku, lakini utafiti umeonyesha sehemu hizo zina idadi ya watoto wenye tatizo hili iliyo kati ya kubwa kabisa duniani.

Kuna anayesema boha ni ya asili, haina kemikali. Aisee, kilevi ni kile kile, kiwe cha miwa, cha kiwandani au gongo. Serikali ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, lakini kilevi hakikuisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

SIGARA, UGORO NA MOSHI WA JIKONI

Moshi wa sigara una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hii inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, inakaa kwenye kiti cha mwenzake na kukataa kutoka. Nikotini nayo inabana mishipa ya damu. Matokeo yake mtoto anapata hewa kidogo na chakula kidogo. Kwa wastani mtoto wa mama anayevuta anazaliwa pungufu kwa gramu kama 200. Pia hatari ya kuzaliwa njiti, kuzaliwa mfu, kondo kuachia mapema na mtoto kufa ghafla usingizini inapanda.

Ugoro hauna moshi lakini nikotini ipo. Na baba anayevutia ndani anamvutisha mkewe na mtoto. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nao una kaboni monoksaidi ile ile.

Kuna usemi eti mtoto mdogo ni mzuri, kuzaa kunakuwa rahisi. Jamani! Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 anapoteza joto haraka, anashindwa kunyonya vizuri, anashikwa na magonjwa upesi. Huku kwetu baridi peke yake inaweza kumuua. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2022 ilionyesha watoto 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini wanakufa kabla ya kumaliza mwezi, na kuzaliwa njiti ni moja ya sababu kubwa.

SASA TUFANYEJE?

Kwanza, tusiwasimange kina mama. Nesi alimwambia dada wazi kwamba hawezi kusema ni boha, ni sigara ya shemeji au ni kitu kingine, kwa sababu malaria, presha na maambukizi navyo vinaleta njiti. Mwanamke akisimangwa, kliniki atadanganya, na akidanganya hasaidiwi.

Pili, hujachelewa. Anayeacha sigara miezi 3 ya mwanzo, uzito wa mtoto wake unakaribia ule wa mtoto wa asiyevuta. Hata akiacha mwezi wa 6 bado faida ipo, na kila siku bila pombe ni nafuu kwa ubongo wa mtoto. Ila aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafla akiwa peke yake, anaweza kupata degedege. Aende kituo cha afya aseme ukweli.

Tatu, sisi wanaume. Vutia nje, mbali na mlango. Toboa dirisha jikoni, anika kuni zikauke. Na ukitumwa kidumu, rudi na maziwa au uji.

Mtoto wa dada alibebwa kifuani ngozi kwa ngozi, ile wanayoita kangaruu, na shemeji alipokezana na dada. Sasa anakimbia, anapiga kelele kuliko wote nyumbani. Kama ubongo wake uliguswa hatujui, tutamwona akianza shule. Dada ana mimba nyingine sasa hivi. Jioni nampelekea uji wa ulezi, na shemeji anavutia kule kwenye migomba.

Wadau, huko kwenu wajawazito wanaambiwa nini kuhusu pombe? Tupieni maoni hapo chini, ila matusi kwa kina mama sitaki.

Tuko pamoja.