Risasi mpya, vidole vya zamani

Mtoto wa dada yangu alinunua bastola yake mwaka 2022, wakati kila muuza silaha hapa Houston alikuwa akiisifia risasi mpya. Mwaka uliofuata akanijia nayo jikoni, imelala kwenye kisanduku cha plastiki kama miwani iliyotoka dukani leo. Nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Mama mdogo, chukua hii wewe. Slaidi yake laini, haitakuumiza vidole."

Vidole vyangu vina historia. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwageuza wazee vitandani, kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na baridi yabisi imehamia kwenye vidole gumba kama mpangaji asiyelipa kodi wala haondoki. Slaidi ni ile sehemu ya juu ya bastola unayoivuta nyuma na kuiachia ili risasi ya kwanza iingie chemba. Bastola yangu ya kwanza, ndogo na nyembamba, ilikuwa na slaidi ngumu kiasi kwamba niliibana kati ya magoti nikaivuta kwa mikono miwili. Mwalimu wa shabaha aliponiona alinikemea mbele ya watu, na alikuwa na haki.

Kwa nini nabeba bastola? Zamu yangu hukatika saa saba usiku, na kuna maegesho ambayo taa zake zimekufa tangu enzi na enzi. Kaka yangu aliyeko Tanga nilipomweleza kwa simu aliguna, akauliza kama huku risasi zinauzwa kama maandazi. Nikamwambia karibu hivyo. Kwao bastola ni kibali cha polisi, na kibali ni safari. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola bila leseni ya kubebea. Mimi leseni nilichukua hivyo hivyo, maana mtihani wake unakulazimisha kupiga risasi 50 kwenye shabaha, kutoka yadi 3, 7 na 15, na nilitaka kujua kama naweza. (Ndugu zangu mlioingia kwa viza ya masomo au ya matembezi, msinisome mkakimbilia dukani. Sheria ya serikali kuu huwazuia wengi wenye viza za muda kumiliki silaha, na misamaha yake ni michache. Mwenye grinkadi ni habari nyingine.)

Basi turudi jikoni. Bastola ile ilikuwa Smith & Wesson Shield EZ, na risasi yake inaitwa .30 Super Carry. Kampuni ya Federal iliitangaza Januari 2022, na tangu mwanzo iliuzwa kama risasi ya watu kama mimi, wanaobeba bastola ndogo chini ya nguo.

Ahadi yake inaeleweka ukiziweka risasi mbili mezani. Nilizipanga juu ya kibao cha chapati, ile mpya kando ya ile ya milimita tisa ambayo dunia nzima inaijua. Zimelingana urefu. Ila ganda la ile mpya ni jembamba, kama milimita moja pungufu kwenye kitako. Milimita moja utaidharau, lakini magazini ni kikasha cha kupanga vitu vya duara, kama kupanga soda kwenye kreti: kila chupa ikipungua kidogo, mwishoni unapata nafasi ya chupa nyingine. Kwenye Shield Plus, bastola nyembamba inayopendwa sana kwa kufichwa, magazini fupi ya milimita tisa hubeba risasi 10, na ya .30 hubeba 13. Kwenye EZ ni 8 kwa 10.

Sasa ukiifanya risasi iwe nyembamba, utakuwa umeipunguzia uzito na upana, na hasara hiyo lazima ifidiwe mahali. Federal walifidia kwa shinikizo. Tairi za gari langu najaza upepo wa pauni 35 kwa inchi ya mraba. Baruti ya milimita tisa ya kawaida inaruhusiwa kufika pauni 35,000, yaani mara elfu moja ya tairi langu. Ya .30 Super Carry inaruhusiwa hadi 50,000. Kwa msukumo huo, risasi ya gramu sita na nusu hutoka kwa mwendo wa mita 381 kwa sekunde. Ile ya milimita tisa ya aina hiyohiyo, ya gramu nane, hutoka kwa mita 350. Ukipiga hesabu ya nguvu, ndogo ina jouli 470, kubwa 494. Hizo ni hesabu za kampuni yenyewe kwa mtutu wa inchi nne. Bastola fupi hupunguza kidogo kote kote.

Kwa hiyo hawakudanganya. Ni risasi nyembamba inayokaribia sana kazi ya risasi nene. Hata kwenye jeli, ile wanayoipima nayo mahali pa nyama, inaingia ndani vya kutosha. Kipimo kilichowekwa na FBI ni inchi 12 hadi 18: pungufu ya hapo haifiki penye kazi, na ikizidi sana unaanza kumfikiria aliyesimama nyuma. Mimi nimeshika miili ya watu maisha yangu yote ya kazi, nikisoma hesabu hizi najua zinazungumzia nini. Sizisomi kwa furaha.

Jumamosi tukaenda uwanja wa shabaha. Nilivaa viziba masikio vya povu na juu yake vile vikubwa vya plastiki. Ilipolia risasi ya kwanza nilifumba macho, na mimi sikuwa nafumba macho tena siku hizo. Teke lake si kubwa, nisiseme uongo. Mkono haukunyanyuka kuliko unavyonyanyuka kwa milimita tisa, pengine kidogo chini. Lakini mlio! Mkali, wa juu, kama mtu amepasua ubao mkavu karibu na sikio. Jamaa wa kizimba cha jirani aliinama kutazama tunapiga kitu gani. Nikajiwazia ndani ya gari, vioo vimefungwa, bila viziba masikio.

Slaidi kweli ilikuwa laini, niliivuta kwa vidole vyangu vibovu bila kuugulia. Mtoto akatabasamu kama amenikamata. Hapo ndipo nilipomwomba mhudumu atuazime EZ nyingine, ile ya milimita tisa. Slaidi yake laini vilevile kwa mkono wangu. Ulaini ulikuwa wa bastola! Iliundwa kwa ajili ya mikono dhaifu tangu mwanzo, na ilikuwepo sokoni kabla risasi hii haijazaliwa. Kilichobaki upande wa .30 kilikuwa ni risasi mbili za ziada.

Mbili si kitu cha kubeza, hasa kwa mtu anayebeba magazini moja tu. Nguo zangu za kazi zina kamba kiunoni, hazina mkanda, na ala ya kawaida ukiichomeka inaishusha suruali yote. Navaa mkanda mpana wa mpira ndani, na sina pa kuweka magazini ya akiba. Kwa hiyo niliipa hoja ya mbili haki yake. Niliitafakari wiki nzima.

Kisha nikaenda kununua za kufanyia mazoezi.

Duka la kwanza, kijana aliposikia "thelathini" aliniletea kisanduku cha .30 Carbine, risasi ya bunduki ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndefu mara moja na nusu. Nikaisukuma tena kwake juu ya kaunta. Akasoma kisanduku, akanitazama, akasoma tena. Duka la pili walikuwa nazo za kujilinda, ishirini ishirini, bei ya kukufanya uuweke mkoba chini. Za mazoezi hawakuwa nazo. La tatu walikuwa na visanduku viwili vya hamsini, karibu mara mbili ya bei ya milimita tisa, ambayo ilirundikwa pembeni mwa mlango kama mifuko ya mkaa.

Hapo ndipo risasi hii inaponishinda. Baridi yabisi haina likizo. Nisipopiga shabaha mwezi mmoja, mwezi wa pili mkono unakuwa mgeni. Mimi hupiga risasi 50 kila mwezi, 100 nikiwa na nafuu. Kwa pesa ileile, ya .30 ingenipa nusu ya mazoezi, na siku nyingine ingenipa sifuri kwa kuwa duka halina. Risasi mbili za ziada kwenye magazini sikuona zitanifaa vipi ikiwa hizo nyingine zote nitazipiga pembeni.

Na historia ya nchi hii haikunitia moyo. Wamarekani wanapenda risasi mpya kama sisi tunavyopenda khanga mpya. Mwaka 1986 huko Miami, majambazi wawili walipambana na maafisa wa FBI; maafisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa, na lawama kubwa ikaangukia risasi moja ya milimita tisa iliyomwingia jambazi ikasimama kabla ya kufika moyoni. FBI wakaenda kwenye milimita kumi, teke lake likawashinda wengi, na mwaka 1990 ikazaliwa .40 Smith & Wesson, ambayo polisi wa nchi nzima waliikumbatia. Hapa Texas, polisi wa jimbo wakachukua .357 SIG katikati ya miaka ya 1990. Glock nao wakaja na .45 yao fupi. Leo FBI wamerudi milimita tisa, na polisi wa Texas nao wamerudi. Vichwa vya risasi vya siku hizi, vile vyenye tundu linalofunguka kama ua, vimeifanya milimita tisa, ile ya mwaka 1902 ya Georg Luger, itoshe, na watu wengi huipiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi. Ikiwa kijana wa FBI mwenye vidole vya chuma ameona afadhali hiyo, mimi nani?

Sisemi .30 ni takataka. Mtu mwenye hela, mwenye kuagiza kwa katoni, ambaye anataka bastola nyembamba iliyojaa hadi pomoni, anaweza kuipenda na asijute. Ila namwona mtu huyo ni nadra, na mara nyingi tayari ana bastola nyingine nne nyumbani.

Nilinunua EZ ya milimita tisa. Ya mtoto nilimrudishia na kisanduku chake, na sahani ya chapati juu. Alinuna kidogo, kisha akala.

Mwezi uliopita alinipigia usiku, nimeketi kwenye gari nje ya nyumba ya mgonjwa, zamu haijaanza.

"Mama mdogo, nimezipata! Duka moja kule Katy wana visanduku vitatu. Niende?"

"Shilingi ngapi?" Bado nauliza kwa shilingi, mazoea.

Akanyamaza. Nikasikia taa ya ishara ya gari lake ikigonga tik, tik, tik.

"Ngoja nipite kwanza nijaze mafuta," akasema.