Mwerevu Huligangua

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Sisi watu wa pwani tumelelewa na msemo huo. Katika ngoma ya gungu, mshairi alifunga fumbo kwa beti, na mwenzake akatakiwa alifungue mbele ya hadhara. Akishindwa, aibu ni yake.

Nami nilipopanda bara hadi Eldoret, mji ambao wengi wetu huujua kwa wanariadha wake tu, nilikuta gungu la namna nyingine: mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari.

Mashindano haya nchini Kenya si ya jana. Yalianza miaka ya 1960, na siku hizi huitwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi. Kila mradi huwa na wanafunzi wasiozidi wawili. Huanzia shuleni kwao, wakishinda hupanda hadi kaunti, kisha eneo, hata taifa zima. Waamuzi hupima maandishi, maelezo ya mdomo na fikra ya kisayansi. Hapo kukariri hakumfai mtu. Mwamuzi akiuliza "kwa nini?", hapana budi vijana wajibu kwa hoja.

Lakini fumbo lenyewe hutoka wapi, ndugu msomaji? Katika gungu lilifungwa na mshindani. Hapa mwanafunzi hulitafuta mwenyewe, na kulichagua vyema ni nusu ya kulifungua.

Anayetaka fumbo Eldoret hana haja ya kwenda mbali. Kaunti ya Uasin Gishu ni ghala la mahindi. Mavuno huanza yapata Oktoba, na aghalabu mvua huwa haijakoma. Bodi ya Nafaka haitaki mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mkulima asiye na mashine huyaanika kando ya barabara, jicho lake moja likiangalia punje na la pili likiangalia wingu. Akiyaweka ghalani kabla hayajakauka, huota ukungu, na uko ukungu utoao sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Fumbo hili si la mchezo.

Lipo jibu dogo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Twaa chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi na chumvi kavu, kisha tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yangali na unyevu mwingi. Isiponata, yanakaribia kufaa ghalani. Werevu huo gharama yake ni chumvi kiganjani. Ila chupa hutambua tu, haikaushi. Kukausha bila jua na bila fedha nyingi, hilo ndilo fundo lililobaki, na ni kazi ya kufaa vijana wawili wenye ari.

Wala asiseme mtu kwamba ushindi ni wa shule tajiri. Keriko ni shule ya kutwa kijijini, katika kaunti ya Nakuru. Ilikuwa na kompyuta moja tu, na wengi wa wanafunzi wake walitoka katika nyumba maskini. Mwaka 2018 ilitia fora katika maonyesho ya taifa kwa kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Mwaka 2019 mwalimu wao, Peter Tabichi, alitunukiwa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1.

Kinachonitia simanzi ni yale yajayo baada ya makofi. Cheti hutundikwa ukutani, kifaa hutupwa stoo, na mkulima hubaki na wingu lake. Shairi likifungiwa sandukuni, hasara ni ya mtunzi. Kifaa kikifungiwa, hasara ni ya kijiji.

Eldoret haina uhaba wa wajuzi. Chuo Kikuu cha Moi kipo tangu 1984, na Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hati yake mwaka 2013. Basi kifaa kitakachoshinda kikabidhiwe wajuzi hao, kijaribiwe shambani msimu mmoja. Na katika meza ya waamuzi, kando ya walimu, akae mkulima mmoja. Katika gungu, hadhara ndiyo iliyojua kama fumbo limefunguka. Kifaa cha kukausha mahindi nacho kina hadhara yake, nayo yangali ikianika barabarani.